Lango la Mivumu

Mwanangu wa kike amejenga Kasingirima, kwenye kiwanja cheupe ambacho hata kuku hana pa kujifichia jua. Juzi alinijia na panga mkononi. "Mama, nipe tawi la mvumu wako nikapande." Nikamwambia aliweke panga chini kwanza, mti huu haukatwi kama muwa. Nikapanda mwenyewe juu ya kigoda, na magoti yangu haya ambayo wenzangu wa rika langu mnayajua vizuri, nikachagua tawi lililonyooka, nene kama mkono wa mwanaume, nikakata. Maziwa yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Ile harufu, jamani! Si nzuri wala si mbaya, ni kali ya kibichi, inakaa puani. Nikashuka, nikakaa juu ya kile kigoda. Mwanangu akadhani nimeishiwa nguvu. Wala! Nilikuwa nimerudi uani kwa Bi Zuhura, mtaa wa Buzebazeba, Ujiji, miaka ile ya wakimbizi.

Nasema "miaka ile" tu, maana watu wa Kigoma tukisema hivyo kila mtu anakumbuka yake. Sisi tulitoka Burundi tukiwa watatu: mimi, mama, na bibi mzaa baba, ambaye kwa Kirundi nilimwita Nyogokuru. Baba hakuwemo. Pale ufukweni tulipopandia, chombo kilijaa, na nahodha akasema akiongezeka mtu mmoja tunazama wote. Baba akaninyanyua, akanitia mapajani mwa mama, akasema atakuja na chombo kinachofuata. Hicho kinachofuata hatukukiona. Chetu kilitushusha Mwamgongo, wavuvi wa pale wakatupa ugali na mgebuka wa kuchoma, na baada ya siku chache tukaletwa Ujiji. Sasa jaribu kuwaza: baba hajui tulipo, nasi hatujui alipo, na ziwa lenyewe mnalijua urefu wake.

Bi Zuhura alikuwa mjane, Mwislamu wa Ujiji, mjukuu wa wachuuzi wa zamani waliotoka pwani, lakini mama yake alikuwa Muha. Kwa hiyo Kirundi cha Nyogokuru alikisikia vizuri, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Alitupa chumba cha uani. Mdomo wake ulikuwa mkali kama pilipili kichaa na moyo wake haukuwa na kufuli. Malori yalipokuja kuwachukua wageni kuwapeleka kambini, alisimama mlangoni akajifunga kanga kiunoni akasema, "Hapa hakuna mkimbizi. Hawa ni ndugu zangu, wamekuja kunitazama." Nyogokuru hakutaka kusikia habari ya kambi. "Tukipelekwa huko ndani," alisema, "mwanangu atatutafutia wapi?" Hilo ndilo lilikuwa wazo lake asubuhi na jioni.

Mama alipata kibarua cha kuanika dagaa ufukweni. Na wiki ile ya kwanza alinyoa nywele zote, kichwa kikabaki kinang'aa. Ilikuwa kwa sababu ya chawa tuliowaokota safarini, lakini mimi nani aliniambia? Kwetu nilikuwa nimeona wanawake wakinyoa kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Nikalimeza hilo.

Nyogokuru hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kutafuta kazi. Asubuhi moja alinishika mkono akasema twende tukatafute mti.

Tuliteremka kuelekea bonde la Luiche, kwenye mashamba ya watu. Kila penye mti mkubwa alisimama, akaukagua kama mtu anayeposa. Wa kwanza mimi nikarukaruka, "Ndio huu, ndio huu!" Akacheka puani. "Tazama matunda yake yameota wapi." Yalikuwa yameshikana kwenye shina lenyewe, makubwa, mekundu. "Huu ni mkuyu. Nyani wanaupenda, mimi siutaki." Wa pili majani yake yalikwaruza vidole. "Huu wa kusugulia vyungu." Tukaufikia wa tatu. Akauzunguka. Majani yalikuwa laini, manene, yanang'aa upande wa juu. Vitunda vyake vilikuwa vidogo kama goroli, vimekaa kwenye kikonyo cha kila jani, na kutoka kwenye matawi zilining'inia ndevu, mizizi iliyokuwa ikitafuta ardhi. Akabandua ngozi ya kitawi, akaisokota, akaivuta, haikukatika. Akachanja kwa ukucha, maziwa meupe yakatoka. Hapo akautandika ule mti kofi la mapenzi. "Huyu ni wa kwetu," akasema.

Mwenye shamba, mzee mmoja wa Kiha, alitukuta pale. Nyogokuru akaomba vijiti viwili. Mzee akasema, "Kata tu, mama. Mvumu haumnyimi mtu." Tukarudi na miti miwili mirefu kumpita yeye mwenyewe, ameitwika kichwani, na watoto wa Buzebazeba wanatufuata nyuma wakiuliza tunajenga nini.

Hakuipanda siku hiyo. Aliilaza kivulini nyuma ya choo mpaka maziwa yalipokauka na kidonda kufunga. "Ukiupanda na maziwa yake unaoza," alinifundisha. Kisha akaanza kuchimba mashimo mawili mbele ya uwanja wetu wa nyuma, upande wa njia, yakiachana nafasi ya mtu mmoja mwenye mzigo kupita.

Bi Zuhura akatoka na kijiko cha pilau mkononi. "He! Mama, unachimba nini hapo?"

"Lango," akasema Nyogokuru.

"Lango? Ua uko wapi?"

"Ua Mungu ataleta."

Bi Zuhura alicheka hadi akashika ukuta. Nyumba za Ujiji zinatazama barabara uso kwa uso, na uani unaingia upande wowote miguu inapokupeleka. Lakini kwetu, nyumba isiyo na lango si nyumba. Nguzo za lango hukatwa kutoka mivumu mibichi, nazo hushika, zikawa miti. Ukuta unabomoka, nyasi za paa zinaoza, ile miti inabaki, na mpita njia anajua hapa walikaa watu.

Kicheko kilipokwisha, Bi Zuhura akakunja uso. "Lakini mama, na heshima zako zote, hapa hapana. Mpangaji hapandi mti wa kudumu. Panda mchicha, panda mihogo, panda migomba ukitaka. Mti wa miaka, aka! Kesho wajukuu zako watawaambia wajukuu zangu uwanja huu ni wao, na shahidi wao mti." Wala hakuwa na roho mbaya. Hiyo ndiyo sheria ya ardhi kila mtu anaijua, hata Burundi tunayo. Anayepanda mti amejipanda mwenyewe.

Nyogokuru akafikiri, ameegemea jembe. Kisha akasema, "Basi panda wewe. Mti uwe wako, kivuli kiwe chako. Mimi niachie njia ya katikati tu."

Majirani wakaitwa washuhudie. Bi Zuhura akashika jembe yeye wa kwanza, akatupa udongo kwenye shimo moja na la pili, akatangaza, "Mmeona? Miti yangu hiyo! Huyu bibi ni fundi wangu tu." Watu wakacheka, wakatawanyika. Nyogokuru akamalizia, akashindilia kwa mguu, akaipaka miti vichwani tope lililochanganywa na majivu ili isikauke kutoka juu, akayafunga yale matope kwa ganda la mgomba. Tukabaki yeye na mimi. Akaweka kiganja juu ya mti mmoja, halafu wa pili, akasema polepole, kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo mimi, "Mwana wanje, ni hano." Mwanangu, ni hapa.

Mimi nikarudi nyuma hatua mbili.

Nyuma ya boma letu kule nyumbani kulikuwa na mvumu mmoja mkubwa, na chini yake ndipo alipozikwa babu. Watoto tulikatazwa kuukwea. Nilishawasikia wakubwa wakisema kwamba mti uliopandwa kaburini ukishika, basi marehemu ametulia, amekubali, hatarudi kusumbua mtu. Nikajumlisha kwa akili yangu ya mtoto wa miaka saba. Mama amenyoa. Nyogokuru amepanda mvumu. Amezungumza nao akiuita mwanangu, akimwonyesha mahali pa kulala. Baba amekufa, na hawa watu wazima wananificha.

Sikulia, na mpaka leo najishangaa. Sikumuuliza mtu pia, maana nilihisi nikiuliza nitajibiwa, na nikijibiwa itakuwa kweli. Badala yake nikashika wazo moja, nikaling'ang'ania kama kupe: mti bado haujashika. Usiposhika, baba hajakubali. Na asipokubali, hajafa kabisa.

Kazi yangu asubuhi ilikuwa kufagia uwanja. Basi vichipukizi vya kwanza vilipotoka, vidogo, vya kijani cha kung'aa, nilikigeuza kinu cha Bi Zuhura, nikapanda juu yake, nikavinyofoa vyote. Maziwa yakaninatisha vidole. Nilivisugua kwa majivu lakini doa jeusi likabaki kwenye kucha. Vikatoka vingine, nikavinyofoa. Vikatoka tena, tena nikapanda kinu. Kila nilipomaliza nilikuwa nanong'ona, "Baba, usikubali." Jamani, mtoto ana mambo! Ningekuwa naongea na maji ziwani ningeonekana kichaa, lakini kuongea na kijiti niliona ni akili timamu.

Sasa hivi nimepanda mivumu mingi, nimewagawia watu hadi Mwandiga, na najua kitu ambacho wakati ule sikukijua. Majani ya kwanza ya kijiti cha mvumu ni ya uongo. Yanakula akiba iliyomo mwilini mwa mti, mizizi bado haipo, na mtu anashangilia kumbe mti unajimaliza. Ukiyapunguza, unausaidia. Kwa hiyo mimi niliyejiona naua, nilikuwa nalea. Siombi radhi kwa mtu.

Lakini Nyogokuru hakuliona hilo. Aliona vichipukizi jioni, asubuhi havipo. Kwanza akawashutumu mbuzi wa Bi Zuhura, akazungushia miiba. Vikaendelea kutoweka. Bi Zuhura akaja kukagua, akapima kwa macho kutoka ardhini hadi kileleni, akasema, "Mama, mbuzi gani anafika huku juu? Labda nina mbuzi mwenye ngazi."

Nyogokuru hakucheka. "Basi ni mtu," akasema. "Kama umeghairi, niambie usoni. Usininyongee mti chinichini."

"Mimi?" Bi Zuhura akajipiga kifua. "Mimi Zuhura niamke alfajiri, niache sala yangu, nije kutafuna majani? Mbuzi mimi?"

"Sijui wewe ni nani. Najua miti ni yako, umesema mbele za watu. Unaweza kuifanya utakavyo."

Lo! Siku ile uwanja ulipoa. Bi Zuhura, aliyekuwa hapiti mbele ya Nyogokuru bila kusema "Shikamoo mama", alipita kama anapita kando ya gogo. Nyogokuru naye akahamisha mafiga yake upande wa pili. Jioni nikamsikia mama akimwambia kwamba tukikosana na huyu mama basi hatuna pa kwenda tena, itabidi tupande lori na wenzetu. Nyogokuru akajibu, "Hapandi mtu lori hapa. Hajafika." Mimi nikaelewa "hajafika" kuwa roho ya baba haijafika kaburini.

Nikabanwa pande zote mbili. Nikiacha vichipukizi viote, baba amekufa. Nikiendelea, tunafukuzwa kwa ajili yangu, na Bi Zuhura anaonewa bure, yeye ambaye alikuwa akinipa ukoko wa pilau kila Ijumaa. Nikashindwa kula. Nikawa naamka alfajiri, napanda kinu, nanyofoa, nashuka mbio.

Hali ilikuwa hiyo alasiri moja, jua linaanza kulegea. Bi Zuhura ameketi mkekani upande wake anachagua mchele. Nyogokuru yuko upande wake anamenya mihogo, kisogo kwa kisogo. Mimi niko katikati na ufagio, sina wa kumwegemea. Tukasikia sauti kutoka njiani.

"Mwiriwe!"

Sasa, hiyo ni salamu ya Kirundi, Ujiji mtu hasemi hivyo. Ujiji mtu anapiga hodi huku ameshaingia. Nikageuka. Kulikuwa na mwanaume mkondefu, ndevu zimeota ovyo, shati limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari, amesimama katikati ya vile vijiti viwili. Kushoto kwake uwazi, kulia kwake uwazi, kuku anapita ubavuni kwake bila wasiwasi, na yeye amesimama pale langoni, hainui mguu, anangoja akaribishwe.

Nyogokuru hakugeuka. Kisu kilisimama katikati ya muhogo. Akasema, kama anamjibu mtu aliyetumwa maji kisimani akachelewa kidogo, "Injira."

Ingia.

Yule mwanaume akainua mkono, akashika nguzo ya lango ili ajitegemeze. Hapo ndipo nilipomtambua. Na badala ya kumkimbilia, mimi nikatupa ufagio, nikapiga ukelele uliowatoa majirani nje: "Usiushike! Baba, usiushike! Hilo kaburi lako!"

Bi Zuhura akasimamisha mkono juu ya mchele.

Baba akatazama mkono wake, akatazama kijiti, akanitazama mimi. Nyogokuru akasimama, akaja mbele yangu, akanikamata mikono. Nikaeleza yote kwa mkupuo mmoja, mama kunyoa, mvumu wa babu, "ni hano", kinu, nikilia kilio nilichokuwa nimekilimbikiza tangu ziwani. Akavigeuza vidole vyangu, akaziona kucha nyeusi. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Kaburi?" akasema. "Mtoto wewe! Aliyekufa nimjengee lango la nini? Aingie wapi? Hili nilimwekea mtu anayetembea!"

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka sawasawa tangu tuondoke kwetu, si kile kicheko cha puani, bali cha tumboni, machozi yakimchuruzika. Bi Zuhura akaruka kutoka mkekani, mchele ukamwagika, akapiga makofi juu ya kichwa: "Mmesikia majirani? Mbuzi wangu ameshinda kesi! Mbuzi wangu hana hatia!" Akamkumbatia Nyogokuru kwa nguvu akamsukasuka. "Na wewe mama, shikamoo! Ya siku zote ulizoninunia!"

"Marahaba," akasema Nyogokuru, huku bado anafuta macho. "Nisamehe, mwanangu."

Baba akaletewa maji, akaletewa mihogo, akala huku mimi nimeshika upindo wa shati lake kwa mikono miwili. Alisimulia kwa vipande, kati ya tonge na tonge. Aliugua njiani. Alipofika Mwamgongo wavuvi walimwambia bibi mmoja na mkwewe na mtoto walipelekwa Ujiji. Lakini Ujiji ilikuwa imejaa mabibi wa Kirundi, kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwingine. Alikuwa ameshakata tamaa, anarudi zake bandarini, akaamua kukata njia nyuma ya nyumba. Akaona nguzo mbili za mvumu zimepakwa tope na majivu vichwani, zimefungwa ganda la mgomba, hazina ua kulia wala kushoto.

"Nikasema," akamwambia mama yake, "mwanamke wa kuweka lango kabla ya ua ni mmoja tu duniani."

Roho yangu ikashuka mahali pake. Siwezi kuisema vizuri zaidi ya hapo. Mara njaa ya siku zote zile ikanijia kwa pamoja. Nikachukua muhogo kutoka kwenye sahani ya baba, nikala, nikachukua mwingine.

"Wewe mla majani," Nyogokuru akaniambia, "acha kula, kimbia kamwambie mama yako."

Nilikimbia kama nimefungwa mbawa, nikashuka hadi ufukweni walikokuwa wakianika. Dagaa walikuwa wametandazwa mchangani, wanang'aa. Mama alikuwa ameinama katikati yao, anawageuza. Nikapita juu ya dagaa bila kutazama ninapokanyaga, wanawake wakanipigia kelele, nikamfikia, nikasema. Alinyooka polepole. Hakuuliza amekuja na nani, wala amepitia wapi. Aliuliza neno moja.

"Anatembea?"

"Alitembea mpaka langoni," nikasema. "Sasa amekaa, anakula mihogo."

Mama akakaa chini palepale, puu, juu ya dagaa wa watu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto, akaanza kucheka na kulia kwa mpigo mmoja. Mwenye dagaa, mwanamke anayeogopwa ufukwe mzima, akaja mbio na ufagio juujuu tayari kugomba. Nikamkinga mama kwa mwili wangu, nikamwambia, "Baba yangu amekuja."

Akatutazama. Akautupa ufagio, akakaa naye.